Acheni mawingu yabaki kwenye picha

Kila Desemba maduka ya hapa Mayo, magharibi mwa Ireland, hujaa kalenda za mwaka unaofuata. Huwa nazifungua moja moja. Januari ina anga la buluu. Machi ina anga la buluu. Novemba, mwezi ambao huku nguo zilizoanikwa nje hushinda juma zima bila kukauka, nao una anga la buluu, bahari imetulia tuli na kondoo wana manyoya makavu. Waliopiga picha hizo wanaijua kazi yao, sibishani na hilo. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba hiyo ndiyo Ireland. Hizo ni siku chache za Ireland, zimechaguliwa, zikagawiwa miezi kumi na miwili, zikauzwa kama mwaka mzima.

Met Éireann, idara ya hali ya hewa ya nchi hii, huita siku ya mvua ile inayonyesha walau milimita moja. Mashariki mwa nchi siku hizo hufika 150 hivi kwa mwaka. Huku magharibi kuna sehemu zinafika 225. Kwenye milima ya upande huu mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Mpiga picha anayefunga begi lake kila wingu likitanda amejinyima zaidi ya nusu ya mwaka, na ameinyima nchi haki ya kuonekana ilivyo.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nilikuja huku kufanya kazi ya kuhudumia wazee, kazi ya zamu za mchana na usiku, kwa hiyo mapumziko yangu huangukia siku yoyote. Hali ya hewa siichagui, naikuta. Kamera yangu ni ya mtumba, na mfuko wa plastiki ninaoifunika nao mvua ikianza ni wa duka la mboga. Nayasema haya ili msomaji ajue kwamba ninayoyatetea hapa hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji koti zuri na kukubali kulowa.

Tuanze na jua lenyewe, maana hapo ndipo watu wa kwetu wanapoielewa vibaya nchi hii. Kwetu Tanga jua la saa sita mchana husimama karibu na utosi, kivuli kikalala miguuni. Wapiga picha wa harusi wanalijua tatizo hilo, ndiyo maana huwakimbiza maharusi chini ya mwembe: jua la saa hiyo hutia weusi machoni. Mayo mwezi wa Desemba mambo ni tofauti kabisa. Jua huchomoza kama saa tatu kasoro asubuhi na kuzama saa kumi na dakika ishirini hivi alasiri, na hata adhuhuri halipandi zaidi ya nyuzi 13 hivi juu ya upeo. Mwanga ule wa ubavuni, ambao kwetu tunaupata kwa muda usiofika saa moja kabla ya magharibi, hapa hukaa mchana kutwa. Unachohitaji ni wingu lipasuke.

Upinde wa mvua nao una kanuni yake. Ukiwa umesimama ardhini, huuoni mpaka jua liwe chini ya nyuzi 42 hivi, na ni lazima ulipe kisogo. Ndiyo sababu Tanga huwezi kuuona saa sita mchana, hata mvua inyeshe na jua liwake pamoja. Huku, kuanzia Oktoba hadi Machi, jua halifiki urefu huo hata adhuhuri. Mvua ikipita na jua likapata mwanya, upinde unaweza kutokea saa yoyote ya mchana, na katikati ya majira ya baridi hukaribia nusu duara kamili, mguu mmoja shambani na mwingine baharini. Mtu aliyebaki nyumbani akisubiri anga litakate hauoni.

Lakini upinde wa mvua ni urembo tu. Jambo linalonifanya niandike makala haya lipo kwenye kisiwa cha Achill, chini ya mlima Slievemore, wenye urefu wa mita 671.

Pale kuna kijiji kisicho na watu. Magofu ya nyumba za mawe, kati ya 80 na 100, yamepangana kwenye mteremko unaotazama kusini, hayana paa, kondoo wanaingia na kutoka. Watu wake waliondoka taratibu katika karne ya 19. Wengine walihamia Dooagh karibu na bahari, na kwa miaka mingi baadaye wafugaji waliendelea kuzitumia baadhi ya nyumba hizo wakati wa kiangazi walipopeleka ng'ombe malishoni. Watalii hufika Juni na Julai, wakapiga picha kuta na mlima, wakaondoka. Picha zao zinaonyesha majani ya kijani yaliyotandaa kama zulia kuzunguka magofu. Basi.

Nenda pale Januari, alasiri, jua likiwa limeinamia upande wa kusini magharibi. Zulia lile linainuka. Mteremko mzima unajaa mistari, mmoja baada ya mwingine, inashuka kutoka mlimani kuja bondeni, na kila mstari una upande wa mwanga na upande wa kivuli. Ni matuta ya viazi. Wenyeji waliyalima kwa jembe la mkono yakishuka na mteremko ili maji yapite kwenye mifereji. Jua la adhuhuri huyatazama kwa urefu wake, kwa hiyo halitupi kivuli cha maana. La alasiri ya majira ya baridi huyapiga ubavuni, na kila tuta likajitokeza. Asubuhi ya baridi kali ni bora zaidi, kwa sababu jalidi huyeyuka juu ya tuta na kubaki kwenye mfereji, ukaona mistari myeupe imechorwa mlimani.

Mwaka 1845 ugonjwa wa bakajani wa viazi uliingia Ireland, na hadi kufikia 1852 watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa kwa njaa na maradhi yaliyoandamana nayo, na wengine zaidi ya milioni moja walikuwa wamepanda meli kwenda zao. Mayo ni miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Si kila tuta la Slievemore ni la wakati wa Njaa Kuu. Mengine yalilimwa kabla, mengine baada. Lakini yote ni mikono ya watu waliokula kutokana na mteremko ule, na picha ya Juni haiwaonyeshi hata kidogo.

Picha moja ya matuta yale nilimtumia mama yangu Tanga kwa simu. Mama amelima viazi vitamu tangu utoto wake. Picha nyingi ninazomtumia huzipita haraka, maana mawingu yanamsikitisha. Hii aliniuliza papo hapo.

"Haya si matuta ya viazi, mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona yameachwa? Wenyewe wako wapi?"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Pole zao." Mtu ambaye hajawahi kukanyaga Ulaya aliusoma mteremko ule vizuri kuliko watalii wanaosimama juu yake kwa miguu yao, na alichosomea ni mwanga wa Januari. Ningempelekea picha ya Juni, angeona majani.

Ndiyo maana nalichukulia kwa uzito suala hili la anga la buluu. Halikuanza na simu za mkononi. Kuanzia miaka ya 1950, Mwingereza John Hinde alijenga mjini Dublin kampuni ya kadi za posta zilizoenea dunia nzima. Rangi zilikolezwa wakati wa kuchapa, anga likafanywa buluu, na mahali palipokuwa na kitu kisichopendeza, yeye na wapiga picha wake walijulikana kwa kuweka mbele tawi la rhododendron lenye maua. Kadi yake ya watoto wawili wenye nywele nyekundu na punda aliyebeba makapu wapo watu wanaidhania hadi leo kuwa ndiyo Ireland halisi. Hinde alitaka kuwafurahisha watu, na aliwafurahisha. Mwaka 1993 jumba la taifa la sanaa za kisasa mjini Dublin lilimfanyia maonyesho, na alistahili. Lakini rhododendron ile ni mmea uliotoka nje, na leo imevamia misitu ya Killarney na vilima vya Connemara kiasi kwamba watu hulipwa kuing'oa. Tawi lililowekwa ili kuficha sasa linafunika nchi kwelikweli.

Mwingine aliyekuja ni mpiga picha Martin Parr. Mwaka 1980 alihamia magharibi, Boyle, wilaya ya Roscommon, akakaa miaka miwili hivi. Mwaka 1982 akatoa kitabu cha picha alichokiita Bad Weather, Uingereza na Ireland zikiwa ndani ya mvua, theluji na ukungu, zimepigwa kwa kamera ya kuzamia majini na flashi. Ndani yake watu wanainamisha vichwa, matone yanang'aa mbele ya nyuso zao. Na huyu Parr alikuwa mpenzi mkubwa wa kazi za Hinde. Hilo linanipa moyo: mtu anaweza kuzipenda kadi zile na bado akatoka na kamera mvua inaponyesha.

Wapo watakaosema wageni hawaji kwa mawingu. Wakamtazame Paul Henry. Mchoraji huyu wa Belfast alifika Achill mwaka 1910, akaishi pale hadi 1919, na katika michoro yake mingi mawingu hula zaidi ya nusu ya turubai, milima ikabaki chini kabisa. Miaka ya 1920 kampuni ya reli ya London Midland and Scottish ilichukua mchoro wake wa Connemara ikauweka kwenye mabango ya kuwaita wasafiri, mawingu yakiwa pale pale. Wasafiri walikuja.

Sasa nieleze namna mvua yenyewe inavyopita, maana anayeiona kwa mbali hudhani ni kijivu kitupu. Simama kwenye magofu ya Slievemore ukitazama kusini, kijiji cha Keel kikiwa chini yako na bahari mbele. Clare Island iko kule ng'ambo. Mvua inayokuja kutoka kusini magharibi huanza kwa kukifuta kisiwa hicho. Mlima wake unafifia, kisha pwani yake, kisha hakipo. Bahari inageuka rangi ya risasi. Kondoo hawangoji: wanajisogeza mmoja mmoja upande wa ukuta usiopigwa na upepo, wanageuza migongo. Upepo unakuwa wa baridi ghafla. Tone la kwanza hupiga ukosi, si uso, kama umesimama unavyotakiwa, yaani umeipa mvua mgongo na kamera umeikumbatia kifuani.

Mvua haionekani kwenye picha ikiwa nyuma yake ni weupe. Iwekee mlima mweusi. Ukitumia kasi ya sehemu ya 500 ya sekunde, utapata matone. Ukishusha hadi sehemu ya 30, utapata nyuzi. Futa lenzi kwa kitambaa kikavu, na uwe na cha pili, kwa sababu cha kwanza kitalowa upesi. Usikimbilie kwenye gari lenye joto, kioo kitafunga ukungu na utakosa kinachofuata. Maana kinachofuata ndicho chenyewe. Mvua ikishakupita inakwenda kusimama nyuma yako, juu ya mlima, nyeusi tii, na jua linatokea upande wa bahari chini ya ukingo wa wingu. Kwa dakika chache mawe yote ya kuta yanang'aa kwa maji, majani yanakuwa na kijani ambacho siku kavu haina, na nyuma yake giza. Hapo unapiga. Kisha mvua nyingine inaanza kukifuta kisiwa.

Majira nayo hayako wanakodhani wageni. Wengi huulizia majani mekundu ya miti wakati wa vuli ya huku, kama walivyoona kwenye picha za Marekani. Ireland ina miti michache. Misitu ni asilimia 11.6 tu ya ardhi. Mabadiliko yako chini, kwenye nyasi. Machi na Aprili kondoo wanazaa. Kabla majani hayajatoka, vichaka vya miiba vinavaa maua meupe, na vile vya manjano vinawaka pembezoni mwa kila barabara. Mei kwenye vinamasi watu wanakata udongo mweusi wa kuchoma, wanausimamisha vipande vipande ukauke. Juni mwanga unakaa hadi saa nne usiku. Agosti vilima vinageuka zambarau. Oktoba nyasi za vinamasi zinakuwa rangi ya kutu, na zikilowa hung'aa kuliko mti wowote. Kwangu huo ndio mwezi bora wa mwaka, na ndio mwezi ambao hoteli nyingi za pwani huanza kufunga milango.

Siko hapa kulitukana jua. Jua likiwa la kweli, lina yake ya kusema. Julai 2018 Ireland ilikumbwa na ukame usio wa kawaida. Kwenye bonde la mto Boyne, karibu na kaburi la kale la Newgrange lenye umri wa zaidi ya miaka 5,000, Anthony Murphy na Ken Williams walirusha droni juu ya shamba, wakaona duara kubwa limejichora kwenye mimea. Palikuwa na mitaro ya boma la kale iliyofukiwa tangu enzi na enzi. Udongo wa mitaro ile ulikuwa umehifadhi unyevu, hivyo mimea iliyo juu yake ilibaki na kijani wakati ya pembeni imeungua. Hakuna aliyejua kuwa boma lile lipo. Hali ya hewa ililitoa, na kamera ikawa pale. Jua la kiangazi kile lilikuwa ushahidi. Lile la kubandikwa halithibitishi chochote.

Na siku hizi linabandikwa kwa kubonyeza mara moja. Mwaka 2020 Adobe waliweka ndani ya Photoshop chombo kinachong'oa anga la picha yako na kukuwekea jingine, na programu nyingine zimejaa kitu hicho hicho hadi kwenye simu. Mwamuzi wa shindano la klabu moja ya picha, ambayo sitaitaja, aliwahi kuitazama picha yangu ya matuta akasema ni nzuri, pungufu yake ni anga, na kwamba ningelibadili ingeshinda. Alisema kwa upole, kama mtu anayetoa msaada. Nilimjibu kwamba nikilibadili anga, ninaongopa kuhusu kivuli, maana kivuli kile kilitoka kwenye jua lile, chini ya wingu lile, alasiri ile. Ukiondoa kimoja, vingine havina baba. Bado nasimama hapo, na nasema mashindano ya picha za mashambani yanapaswa kuzikataa picha zilizobandikwa anga, au yaziwekee kundi lake la peke yake.

Kuna sababu nyingine, na ni kubwa kuliko mashindano. Tarehe 24 Januari 2025 dhoruba Éowyn iliipiga Ireland, na kituo cha Mace Head, Galway, kilipima upepo wa zaidi ya kilomita 180 kwa saa, ukavunja rekodi iliyodumu tangu 1945. Siku ile hakuna aliyepaswa kutoka na kamera. Onyo jekundu likitolewa, kaa ndani, picha haina thamani ya roho ya mtu wala ya waokoaji. Lakini baada yake misonobari iliyopanga mstari kwenye barabara ya kwenda kazini kwangu ilikuwa imelala. Picha zake za kabla ninazo, kwenye ukungu, kwenye manyunyu, kwenye barafu, nimeipiga kutoka sehemu ile ile ya barabara. Wenye miti hiyo waliniomba nakala. Hawakuomba ya siku ya jua, waliomba zote.

Wenzangu tunaoongea Kiswahili tulioko huku ughaibuni tuna tabia yetu pia. Tunawatumia watu wa nyumbani picha za ile siku moja ya jua, kwa kuhofia wasije wakadhani tunateseka. Tuwatumieni na mvua. Wazazi wetu wamelima kwa masika na vuli maisha yao yote, wamesafiri kwa kusi na kaskazi. Hawaogopi wingu, na wanaweza kuona ndani yake kitu ambacho sisi tumekipita.

Nanyi mlioko nyumbani wenye simu mkononi, chagueni shamba moja, bonde moja, au kipande kimoja cha pwani ya Pangani au mlima wa Lushoto. Kipigeni picha kutoka mahali pale pale masika, kipupwe, vuli na kiangazi, hata siku ya ukungu ambayo mnadhani hakuna kitu. Andikeni tarehe na mahali. Anga msilibadili, na picha ya awali msiifute.